Walioandika Kuhusu Picha Wasizoziona

Tangu nianze kusoma vitabu vya zamani vya Ulaya, vya fasihi na vya historia ya sanaa, jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba waandishi wakubwa wa sanaa, wale ambao majina yao hayakosekani popote somo hilo linapofundishwa, mara nyingi waliandika kuhusu vitu ambavyo wao wenyewe hawakuwa wameviona. Giorgio Vasari, Mwitaliano wa karne ya 16, aliisifu Mona Lisa bila kuitia machoni. Gotthold Ephraim Lessing, mwandishi wa Kijerumani, alikipa kitabu chake jina la sanamu iliyokuwa Roma wakati yeye mwenyewe alikuwa hajafika Roma. Johann Joachim Winckelmann, ambaye wengi humwita baba wa historia ya sanaa, aliitumikia sanaa ya Wagiriki maisha yake yote na akafa bila kukanyaga Ugiriki. Denis Diderot, mwandishi wa Kifaransa, aliziona picha alizozieleza, lakini aliwaandikia watu ambao hawakuziona na ambao wengi wao hawakutarajia kuziona. Nimefika mahali pa kuamini kwamba utamu wa vitabu hivi unatokana na upungufu huo hasa. Picha haikuwepo, kwa hiyo maneno yalilazimika kubeba mzigo wote.

Sikuanza na historia ya sanaa. Nilianza na hadithi moja ya Honoré de Balzac, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1831, inayomhusu mchoraji mzee aitwaye Frenhofer ambaye kwa miaka kumi amekuwa akichora picha ya mwanamke na hamruhusu mtu yeyote kuiona. Mambo yanatokea Paris mwaka 1612, na wawili kati ya wahusika ni wachoraji walioishi kweli: Nicolas Poussin, ambaye hapo bado ni kijana asiyejulikana, na Frans Pourbus, ambaye Balzac anamwita Porbus. Hatimaye wawili hao wanaruhusiwa kuitazama picha hiyo, na wanachokikuta ni vurugu ya rangi na mistari, isipokuwa unyayo mmoja wa mwanamke, uliochorwa kwa ustadi wa kutisha, unaojitokeza kwenye kona ya turubai. Usiku uleule Frenhofer anazichoma kazi zake zote na kufa. Basi picha hiyo, ambayo haikuwahi kuwepo nje ya karatasi, ilikuwa na uzito kuliko nyingi zilizopo. Mchoraji Émile Bernard anasimulia kwamba Paul Cézanne, aliposikia jina la Frenhofer likitajwa, alisimama akajigonga kifua kwa kidole kuonyesha kwamba mtu huyo ni yeye. Pablo Picasso alichora picha za toleo la hadithi hiyo lililotoka mwaka 1931, na baadaye akapanga chumba cha kazi katika mtaa wa Grands-Augustins, mtaa uleule ambako hadithi inaanzia. Humo ndimo alimochorea Guernica mwaka 1937.

Baada ya hadithi kama hiyo, ilikuwa vigumu kwangu kuridhika na vitabu vya sanaa vinavyoanza kwa vipimo vya turubai na jina la mmiliki. Nilitaka kumfikia mtu wa kwanza aliyeyasimulia maisha ya wachoraji kwa moto wa namna ile, na kila njia niliyoifuata ilinirudisha kwa Vasari.

Alizaliwa Arezzo mwaka 1511, akawa mchoraji na msanifu majengo mwenye shughuli nyingi chini ya Cosimo I wa ukoo wa Medici, na mwaka 1550 alichapisha mjini Firenze maisha ya wachoraji, wachongaji na wasanifu wa Italia, kuanzia Cimabue hadi Michelangelo. Toleo la pili, lililopanuliwa sana na kutiwa sura za wasanii zilizochapwa kwa mbao za kuchonga, lilitoka mwaka 1568, na ndilo msomaji wa leo hukutana nalo mara nyingi. Amezigawa karne hizo katika vipindi vitatu, kila kimoja kikipanda juu ya kile kilichotangulia hadi kufikia kilele kwa Michelangelo. Wataalamu wameutilia shaka mpango huo kwa muda mrefu, na hawakosei, kwa kuwa sanaa haipandi ngazi moja kwa moja namna hiyo. Lakini mpango wake si kitu kinachomfanya mtu akeshe naye.

Kinachomkesha mtu ni jinsi anavyosimulia. Leonardo da Vinci alifariki Ufaransa mwaka 1519, wakati Vasari alikuwa mtoto wa miaka kama minane, na Mona Lisa ikabaki huko mikononi mwa wafalme. Vasari mwenyewe anakiri kwamba iko Fontainebleau, kwenye kasri la wafalme hao. Hata hivyo anaieleza kana kwamba pua yake iko karibu kuigusa: unyevunyevu wa macho, wekundu hafifu kandokando ya kope, nyusi ambazo nywele zake zinachomoza nene mahali hapa na chache mahali pale kwa kufuata vinyweleo vya ngozi, na shimo la koo ambalo ukilikazia macho unadhani unaona damu ikipiga. Anaongeza kwamba Leonardo aliwaleta waimbaji na wachekeshaji ili uso wa mwanamke yule usiingie huzuni. Mtu akisimama mbele ya picha hiyo leo haoni nyusi. Wapo wanaosema kwamba zilikuwepo zikafifia ama zikafutika wakati wa kusafishwa, na huenda wana ukweli wao. Lakini kwa Vasari suala hilo halikuwepo kabisa, kwa sababu alikuwa anaeleza picha aliyosimuliwa, na pale masimulizi yalipokatika aliyaunga kwa ujuzi wake wa kuchora nyuso.

Tukio la pili ndilo ninalolipenda zaidi. Katika maisha ya Masaccio, Vasari anausifu mchoro wa Utatu Mtakatifu ulio katika ukuta wa kanisa la Santa Maria Novella mjini Firenze, na anasema dari la upinde lililochorwa humo limepangwa kwa kanuni za umbali kwa ustadi kiasi kwamba ukuta unaonekana umetobolewa. Mnamo mwaka 1570 Vasari huyohuyo, akisimamia ukarabati wa kanisa kwa ajili ya Cosimo, alijenga altare mbele ya mchoro huo na juu yake akaweka picha yake mwenyewe ya Bikira Maria wa Rozari. Hakuubomoa ukuta. Aliuacha mchoro nyuma ya altare, na wapo wanaosoma tendo hilo kama njia ya kuuhifadhi bila kukaidi amri ya mkubwa. Ulifunuliwa tena katika miaka ya 1860. Kwa karibu miaka mia tatu, aliyetaka kujua Masaccio alichora nini pale hakuwa na pa kwenda ila kwenye kurasa za yule aliyeuficha. Sijui kama iko hali nyingine katika historia ya Ulaya ambamo mtu mmoja amekuwa pazia na dirisha la kitu kilekile, na ningependa kumwona mwandishi wa riwaya akiishughulikia.

Yapo pia mambo madogomadogo ambayo hayana thamani yoyote ya kitaaluma, nami nayasoma kwa furaha isiyo na haya. Piero di Cosimo anakula mayai ya kuchemsha tu, na ili kubana matumizi ya kuni anayachemsha hamsini kwa mkupuo mmoja wakati anapochemsha gundi yake, kisha anayaweka kikapuni na kuyala moja moja. Mtu huyo hawezi kuvumilia kilio cha watoto, kikohozi cha watu wazima wala mlio wa kengele. Paolo Uccello anakimbia kazi ya kuchora katika nyumba ya watawa kwa sababu mkuu wao anamlisha jibini peke yake, akaanza kuogopa kwamba mwili wake unageuka kuwa jibini.

Halafu kuna mambo makubwa ambayo si kweli. Vasari anadai kwamba Andrea del Castagno alimuua Domenico Veneziano kwa sababu ya wivu, baada ya kujipatia kwake siri ya rangi za mafuta. Kumbukumbu za Firenze zinaonyesha kwamba Castagno alifariki mwaka 1457 na Domenico mwaka 1461, maana yake marehemu aliishi miaka minne zaidi ya muuaji wake. Hata hiyo siri yenyewe haikuwa siri. Lessing, alipokuwa mkutubi wa maktaba ya Wolfenbüttel nchini Ujerumani, alichapisha mwaka 1774 ushahidi kutoka katika mswada wa mtawa aliyejiita Theophilus, wa karne ya 12, unaofundisha jinsi ya kusaga rangi kwa mafuta, muda mrefu kabla ya Jan van Eyck ambaye Vasari anamtaja kuwa mvumbuzi wake. Msomaji anayeudhika na makosa ya namna hii atateseka bure. Mimi husoma Vasari nikiwa na kitabu cha kisasa pembeni kwa ajili ya tarehe, na makosa yake nayachukulia kuwa habari pia, maana yanaonyesha watu wa karne ya 16 walikuwa tayari kuamini nini kuhusu mchoraji: kwamba anaweza kuua kwa ajili ya mafuta ya kitani.

Kutoka Vasari nilirukia Wajerumani wa karne ya 18, na hapo kutokuona kukawa karibu kanuni. Sanamu ya Laokoon, kuhani wa Troya anayenyongwa na nyoka pamoja na wanawe wawili, ilichimbuliwa katika shamba la mizabibu mjini Roma mnamo Januari 1506. Msanifu Giuliano da Sangallo alitumwa na Papa Julius II kuitazama, akaongozana na Michelangelo, na aliitambua papo hapo kwa sababu alikuwa ameisoma katika kitabu cha Pliny Mzee, aliyeisifu katika karne ya 1. Maneno yalikuwa yametangulia sanamu kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia nne, na sanamu ilipotoka udongoni ilikuja kama ushahidi wa maneno.

Winckelmann alipoiandikia kurasa zake mashuhuri mwaka 1755 alikuwa Dresden. Huyu alikuwa mtoto wa fundi viatu wa mji wa Stendal, aliyejisomea Kigiriki kwa bidii isiyo ya kawaida, na alikuwa bado hajafika Roma. Alisema kwamba Laokoon halii kwa sauti kwa sababu roho kubwa hubaki tulivu kama vilindi vya bahari, hata pale uso wa maji unapochafuka. Lessing alimjibu mwaka 1766 katika kitabu chake kiitwacho Laokoon, na hoja yake bado inanivutia kwa ukali wake. Wagiriki, anasema, hawakuona aibu kulia. Mashujaa wa Homer wanalia waziwazi, na Laokoon wa mshairi Virgil anapiga mayowe hadi mbinguni. Mchongaji alikizuia kilio hicho kwa sababu ya sanaa yake na si kwa sababu ya tabia ya Wagiriki: sanamu ina nukta moja tu ya wakati, na mdomo uliopanuliwa katika jiwe utabaki shimo milele, wakati katika shairi mayowe hupita na mstari unaofuata unakuja. Kutokana na hapo alijenga hoja kwamba uchoraji na uchongaji vina mahali na ushairi una wakati, na kwamba kila sanaa inapaswa kujua mipaka yake. Kitabu hicho kizima kiliandikwa na mtu ambaye alifika Italia kwa mara ya kwanza mwaka 1775.

Ukweli ni kwamba hata aliyekwenda Roma wakati huo hakuiona sanamu tunayoiona sisi. Mkono wa kulia wa Laokoon ulikuwa umepotea, na mafundi wa baadaye walimwekea mwingine ulionyooka kuelekea juu, kwa ishara ya kishujaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ludwig Pollak, mfanyabiashara na mjuzi wa vitu vya kale, alipata Roma mkono wa marumaru uliokunjwa nyuma, na katikati ya karne hiyo ulithibitishwa kuwa ndio wa asili na ukaunganishwa mahali pake. Kwa mkono uliokunjwa mwili wote unaonekana kuelemewa zaidi, na mimi naona utulivu ule wa Winckelmann unapata shida kidogo.

Mwaka 1764 Winckelmann alitoa historia yake ya sanaa ya kale, kazi ambayo kwa mara ya kwanza iliacha kupanga maisha ya wasanii mmoja mmoja na badala yake ikaeleza mitindo jinsi inavyozaliwa, inavyokua na inavyodhoofika pamoja na hali za mataifa. Vitabu vyote vinavyozungumzia mtindo wa kipindi fulani vina deni kwake. Nyingi ya sanamu alizozitegemea zilikuwa nakala za Kirumi za kazi za Kigiriki zilizopotea, na mwishoni mwa kitabu anayakubali mambo hayo kwa namna ambayo sikuitarajia kutoka kwa mwanachuoni. Anajilinganisha na mwanamke aliyesimama ufukweni, macho yamejaa machozi, akimsindikiza kwa macho mpenzi wake anayeondoka bila tumaini la kumwona tena, na akidhani anaiona sura yake katika tanga lililo mbali. Tumebakiwa, anasema, na kivuli tu cha kile tunachokitamani, na ndiyo sababu tunakitazama kwa makini kuliko ambavyo tungefanya kama tungekuwa nacho. Miaka minne baadaye, Juni 1768, aliuawa kwa kisu katika nyumba ya wageni mjini Trieste, akiwa njiani kurudi Roma.

Siwezi kumsifu Winckelmann bila kusema upande wa pili. Kitabu hichohicho kina sura kuhusu Wamisri ambamo anaipima sanaa yao kwa maumbile yao ya mwili, kisha anaamua kwamba watu wasio na maumbo mazuri kwa kipimo chake hawangeweza kuunda maumbo mazuri. Anasema pia kwamba mwili huwa mzuri zaidi kadiri unavyokuwa mweupe, kwa kuwa weupe huakisi mwanga mwingi zaidi. Mwenye uzuri wa marumaru tupu akilini hakufikiria vya kutosha kwamba Wagiriki walizipaka sanamu zao rangi. Mwaka 1814 Quatremère de Quincy alichapisha mjini Paris kazi kubwa iliyolifanya jambo hilo lizungumzwe kwa uzito, na watu wengi hawakupenda kulisikia. Kizazi baada ya kizazi cha wachongaji wa Ulaya kilichonga weupe kwa kumwiga Mgiriki ambaye hakuwahi kuwa mweupe namna hiyo. Ninaposoma kurasa hizo sizifumbii macho wala sikifungi kitabu. Naziona kuwa matokeo ya tabia ileile inayozaa kurasa zake nzuri: mtu anayetamani kitu asichokiona atakijaza kwa sura ya matamanio yake, na matamanio ya Winckelmann yalikuwa na mipaka ya wakati wake na mingine ya kwake binafsi.

Diderot ni hewa nyingine kabisa. Kuanzia mwaka 1759 hadi 1781 aliandika taarifa za maonyesho yaliyofanyika Louvre, Paris, kila baada ya miaka miwili, ambako wachoraji wa Chuo cha Kifalme walionyesha kazi zao mpya. Taarifa hizo hazikuchapwa. Zilinakiliwa kwa mkono na kuingizwa katika jarida la rafiki yake Friedrich Melchior Grimm, lililotumwa kwa wasomaji wachache sana, karibu wote wakiwa wafalme na wakuu wa nchi za nje, akiwemo Catherine II wa Urusi. Kwa kuwa hazikupita kwa wakaguzi wa serikali, Diderot alisema alichotaka. Kwa kuwa wasomaji wake walikuwa mbali, alilazimika kuwachorea upya kila kitu, na hapo ndipo ninapomwonea wivu. Mwaka 1765 alisimama mbele ya picha ya mchoraji Greuze ya msichana anayemlilia ndege wake aliyekufa, akaanza kuzungumza naye, kumbembeleza na kumhoji, hadi akatangaza kwamba machozi hayo hayawezi kuwa ya ndege peke yake. Katika taarifa hiyohiyo aliieleza picha ya mchoraji Fragonard kama ndoto aliyoiota.

Mwaka 1767 akafanya jambo la kijasiri zaidi. Anaanza kwa kudai kwamba alitaka kuzieleza picha za Joseph Vernet lakini ikambidi asafiri kwenda mashambani, na huko anatembea na padri mmoja, wanapanda milima, wanavuka mito, wanabishana kuhusu uzuri na maumbile na kama dunia ina mpangilio. Matembezi yanaendelea kurasa nyingi, mandhari moja baada ya nyingine, mpaka inadhihirika kwamba mandhari zote hizo ni picha za Vernet zilizotundikwa Louvre, naye alikuwa akitembea ndani yake. Nilikuwa nimesoma riwaya nyingi zinazojivunia mbinu mpya kabla ya kukutana na maandishi hayo, na nyingi zimepungua kimo tangu hapo.

Si wote waliokuwa hivyo. John Ruskin, mhakiki wa sanaa wa Kiingereza, yuko kinyume kabisa na hoja yangu, kwani yeye aliona kila kitu, akapima kila kitu, na katika Venezia alipanda ngazi ili aguse taji za nguzo kwa mikono yake. Alinunua hata picha za daguerreotype, aina ya mwanzo ya picha za kamera, za majengo ya mji huo katika miaka ya 1840, teknolojia hiyo ikiwa bado changa. Ninamheshimu, ingawa mahubiri yake yananichosha, na ninamshukuru zaidi kwa kumlea kiuandishi Marcel Proust, mwandishi wa riwaya, ambaye alitafsiri kwa Kifaransa vitabu vyake viwili, cha kwanza kikitoka mwaka 1904, huku Kiingereza chake kikiwa dhaifu na mama yake akimsaidia. Mfaransa huyo alijifunza kwa Ruskin namna ya kutazama kitu kwa sentensi moja ndefu isiyochoka.

Mtu wa mwisho wa ukoo huu wa waandishi, kwa maoni yangu, ni Walter Pater, Mwingereza aliyesema katika kitabu chake cha mwaka 1873 kwamba mwanamke wa Mona Lisa ni mkongwe kuliko miamba anayokaa katikati yake, na kwamba amekufa mara nyingi na kujua siri za kaburi. Hakuna hata kimoja kati ya hayo kinachoonekana kwenye picha. Mshairi W. B. Yeats, alipohariri diwani kubwa ya mashairi ya kisasa mwaka 1936, aliikata aya hiyo katika mistari na kuiweka mwanzo kabisa wa kitabu, kana kwamba ilikuwa shairi siku zote. Hapo kazi iliyoanzishwa na Vasari kwa picha hiyohiyo ilikuwa imefika mwisho wake, maana maneno yalikuwa yameiacha picha na kwenda zao.

Kilichobadilisha mambo ni kamera. Kabla yake, msomaji alitegemea chapa za kuchongwa kwenye shaba, ambazo hazikuwa na rangi na mara nyingi ziligeuza kushoto kuwa kulia kwa sababu ya namna zinavyochapwa. Kuanzia miaka ya 1850 kampuni ya ndugu Alinari mjini Firenze ilikuwa ikiuza picha za kamera za kazi za sanaa za Italia, na kufikia mwisho wa karne hiyo mihadhara ya vyuo vikuu vya Ujerumani ilitolewa gizani mbele ya picha zilizoangazwa ukutani. Heinrich Wölfflin, mwanahistoria wa sanaa aliyefundisha Basel, Berlin na München, alijulikana kwa kuangaza picha mbili kwa pamoja, na kitabu chake cha mwaka 1915 kimejengwa juu ya ulinganisho huo: mstari dhidi ya doa la rangi, umbo lililofungwa dhidi ya lililo wazi. Ni kitabu kizuri na kina nidhamu. Lakini mwandishi ambaye picha iko mbele ya msomaji wake hahitaji tena kuieleza, anahitaji tu kuinyooshea kidole, na ukilinganisha kurasa zake na za Diderot utaona uzito wa sentensi umehamia kwenye kielelezo kilicho ukurasa wa pili. Vitabu vingi vya baada yake vina picha bora kila muongo na nathari inayozidi kukonda.

Anayetaka kuvifikia vitabu hivi hana kizuizi kikubwa, kwa kuwa muda wa hakimiliki yake umekwisha kitambo. Project Gutenberg na Internet Archive zinavyo vingi, Gallica ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa inao Wafaransa, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Heidelberg imeweka mtandaoni hazina kubwa ya vitabu vya zamani vya historia ya sanaa. Tafsiri ya Kiingereza ya Vasari iliyofanywa na Gaston de Vere, iliyotoka katika majuzuu kumi kati ya mwaka 1912 na 1915, inapatikana bila malipo na inasomeka vizuri. Ningeshauri mtu asianze na juzuu la kwanza na kwenda moja kwa moja, kwa sababu dibaji zake zitamfukuza mapema. Aanze na Piero di Cosimo, kisha Uccello, kisha Leonardo, na Michelangelo ambaye maisha yake ni marefu kama kitabu kamili amwache hadi awe amezoea sauti ya mwandishi. Kwa Diderot aanze na matembezi ya 1767. Winckelmann ni mgumu kwa mfululizo. Kurasa zake kuhusu sanamu moja moja na ukurasa ule wa mwisho zinatosha kwa kuanzia. Jambo moja ninalolisisitiza ni kusoma maelezo ya picha yote kwanza, mpaka mwisho, na kuitafuta picha yenyewe baadaye. Ukianza na picha, maneno yanageuka kuwa maelezo ya chini yake, na tofauti kati ya alichokiona mwandishi na kilichopo haitakugusa.

Sasa hivi ninamsoma mwanahistoria Jacob Burckhardt, Mswisi wa Basel, na kitabu chake cha mwaka 1860 kuhusu ustaarabu wa Renesansi nchini Italia. Kina dola inayoundwa kama kazi ya sanaa, kina sherehe, fitina, mizaha, mashairi, mavazi na imani katika nyota. Uchoraji na uchongaji, ambavyo mtu angetarajia viwe kiini chake, karibu havimo, kwa sababu Burckhardt alikusudia kuviandikia kitabu cha peke yake, na kutokana na mpango huo alichapisha sehemu ya majengo tu mwaka 1867. Nimefika kwenye sura ya sherehe, ambako anaeleza magari ya maonyesho yaliyopambwa na wachoraji mashuhuri kwa ajili ya siku moja tu kisha yakavunjwavunjwa, na ninaisoma polepole, kwa kuwa safari hii hakuna mahali popote pa kwenda kuitafuta picha baadaye.